Hewa ya Wizi

Mwaka ule Pentekoste iliangukia katikati ya Mei, na tangu Krismasi Pernilla alikuwa ameniomba nimpeleke kanisani kwa gari langu siku ya harusi yake, mkesha wa sikukuu hiyo. Si kwamba magari yalikosekana kijijini. Mchumba wake mwenyewe alikuwa na gari jipya lenye viti vinavyojipasha moto. Lakini Pernilla alizaliwa ndani ya gari langu, kwenye kiti cha nyuma, Februari ya mwaka 1972, barabara ya darajani ikiwa imezibwa na theluji na mama yake akiwa hana tena muda wa kungoja. Mimi ndiye niliyempokea. Nilikuwa mkunga wa wilaya, na Volvo ile ya kijani ya mwaka 1966 ndiyo iliyonipeleka kwa wajawazito wote wa bonde letu la mto Ångerman. Nilipostaafu nilistaafu nayo.

“Shangazi Ragnhild, nikilikosa gari lile nitakwenda kwa miguu,” aliniambia Pernilla.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa muda mrefu alikuwa akisema harusi ni mambo ya watu wengine. Sikutaka aende kwa miguu.

Gari hulala ghalani tangu theluji ya kwanza hadi mvua ioshe chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Wiki ya tatu ya Aprili nikalitoa. Liliwaka, ingawa pale uani lilitetemeka kuliko nilivyokumbuka. Nikasema labda ni usingizi. Nilipofika kwenye kilima cha kanisa nikakanyaga mafuta, na gari likasita. Halikuzima. Lilisita tu, kama mtu aliyeulizwa jambo asilotaka kulijibu. Kisha likapiga chafya chini ya boneti, likaruka mbele, likasita tena. Upande wa pili wa kilima, nilipoondoa mguu ili literemke lenyewe, bomba la moshi likalipuka kama bunduki. Mchungaji wetu, mama mtulivu asiyeshtuka ovyo, alikuwa akitoka dukani na trei ya mayai. Yalipona mawili.

Njiani kurudi niligundua jambo moja: nikivuta choki, ile nyenzo ya kuwashia injini baridi, kiasi cha nusu kidole, kusita kunapungua. Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba mgonjwa akipata nafuu, anayemtibu lazima aambiwe ni kitu gani kilichompa nafuu hiyo.

Fundi wangu alikuwa Evald Sjölin. Gereji yake ni kituo cha zamani cha petroli kando ya barabara kuu. Pampu ziling'olewa miaka mingi iliyopita, paa la mbele limebaki, na chini yake Evald hupanga kuni. Amelishughulikia gari langu tangu mwaka 1969. Wakati ule alikuwa na miaka sabini na mitano, mjane, mikono mikubwa kama majembe, maneno machache. Zamani watu walipanga foleni kwake hadi barabarani. Miaka ya karibuni walikuwa wamepungua mno, naye husema ni kwa sababu magari yamegeuka kompyuta na watu wanakimbilia mjini. Kulikuwa na ukweli hapo, ila haukuwa wote.

Mara ya mwisho alikuwa ameligusa gari mwezi Oktoba. Gasketi iliyo kati ya injini na yale mabomba yanayoingiza hewa na kutoa moshi ilikuwa imeungua, akaibadilisha. Nikaliendesha kilomita moja hadi nyumbani, nikaliingiza ghalani, na kesho yake theluji ikaanguka.

“Linasita likikanyagwa,” nilimwambia nilipofika gerejini. “Linapiga chafya mbele, linalipuka nyuma.”

Evald alinitazama usoni kwa makini hadi nilipomaliza, kisha akaitikia kwa kichwa.

“Platini,” akasema. “Zimelala miezi sita kwenye unyevu. Kondensa nayo naitilia shaka.”

Nikageuka kutundika koti langu kwenye msumari mlangoni. “Halafu Evald, nikivuta choki kidogo linatulia.”

“Koki ya mafuta iko sawa,” akajibu. “Niliifungua na kuipuliza mwaka jana.”

Nilidhani jibu lile lina maana ambayo mimi siijui. Mafundi na madaktari tunawasamehe mengi namna hiyo.

Akabadilisha platini na kondensa, vile vifaa vidogo vinavyopeleka moto kwenye plagi, akaupima moto wenyewe upya. Nikalipeleka kilimani. Likasita, likapiga chafya.

Baada ya siku nne nikarudi. Safari hii aliifungua kabureta yote juu ya gazeti, akaosha kila tundu, akaweka kiwambo kipya kwenye ile pampu ndogo inayorusha petroli mtu akikanyaga ghafla. Ilikuwa kazi ya uangalifu. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama, na vidole vyake havikutetemeka hata mara moja. Alipomaliza akaongeza petroli kidogo kwenye mchanganyiko, akausogeza na muda wa moto mbele kidogo, “ili lichangamke.” Nikalipeleka kilimani. Lilichangamka kweli, kwa kulipuka mara mbili zaidi.

Mara ya tatu ilikuwa Mei sita, Jumatatu, siku kumi na mbili kabla ya harusi. Evald alikuwa ametoa plagi zote nne na kuzipanga kwenye kitambaa. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa. Ya nne, ya silinda iliyo nyuma kabisa, ilikuwa nyeupe kama mfupa.

“Ona hii,” akasema. “Silinda hii inapumua vibaya. Kemshafti, chuma kinachofungua valvu, imelika. Injini lazima itoke nje.”

“Itoke lini, irudi lini?”

“Juni. Labda mwisho wa Juni.”

“Evald, harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo.”

“Basi Pernilla apande gari lingine,” akasema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko jambo lenyewe. “Mimi si mchawi, mkunga.”

Nikamwomba aliwashe mara moja tu nilisikie. Akarudisha plagi, akaliwasha, akasimama mbele ya boneti iliyo wazi, kiganja kikiwa kwenye bawa la gari, juu ya tairi. Mimi niliingia ndani nikakanyaga mafuta kwa ghafla. Kabureta ikapiga chafya pale pale, shibri moja kutoka usoni pake. Mimi niliyekuwa nyuma ya kioo nilishtuka. Evald hakupepesa jicho.

Nikazima, nikatoka. “Mlio umetoka mbele au nyuma?”

Akanitazama midomo. Akafikiri. “Nyuma,” akasema. “Kwenye bomba.”

Hapo nikaelewa, na nikajionea haya kwamba nimechelewa. Nilikuwa nimemwona miezi mingapi akinikodolea macho ninapoongea? Mara ngapi nilimwita kwa nyuma hakuitika, nikasema Evald ana mambo yake? Miaka thelathini na tatu nimekaa na wanawake waliokuwa wakinificha damu, vipigo, homa, hofu, na nilijivunia kwamba siachi kitu kinipite. Huyu alikuwa amenificha masikio yake mchana kweupe.

Niliaga, nikaenda nyumbani.

Jioni ile Pernilla alinipigia simu. “Shangazi, kama gari halitaki, basi. Nilisema ya miguu kwa mzaha tu. Fundi wa mjini ana nafasi Jumatano, nimemuuliza.”

“Ngoja kwanza,” nikamwambia.

“Nangoja nini?”

“Nangoja mimi. Wewe shona gauni lako.”

Kwa kweli fundi wa mjini lilikuwa jambo la busara. Lakini nilijua kitakachotokea: kijana atasikiliza dakika mbili, atapata ugonjwa, na kabla ya Ijumaa kijiji kizima kitasema gari la mkunga limemshinda Evald. Baada ya hapo asingebaki na mteja hata mmoja. Na mimi nilikuwa nimemfahamu kabla hajaota ndevu.

Asubuhi ya Jumanne nikaoka mikate ya mdalasini, nikajaza chupa ya kahawa, nikafungua kabati na kutoa ile pembe yangu ya mti ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Nikaenda gerejini.

Evald alikuwa amekwisha kufungua boliti mbili za kung'olea injini. Nilipommiminia kahawa alikaa, nami nikakaa mbele yake, uso kwa uso, mwanga wa dirisha ukiniangukia.

“Nataka unifundishe,” nikasema.

“Nikufundishe nini?”

“Kutafuta ugonjwa wa injini. Nimeliendesha gari hili karibu miaka hamsini na sijui hata linavyopumua.”

“Una miaka sabini na mitatu, mkunga.”

“Ndiyo maana nimekuja asubuhi.”

Akacheka kidogo, akachovya mkate kwenye kahawa. Mtu akiombwa afundishe, hata awe na hasira kiasi gani, mkono unaanza wenyewe kuchora hewani.

“Sikiliza,” akasema. “Injini inakula hewa na petroli kwa kipimo. Kabureta ndiyo mpishi, ndiyo inayopima. Sasa pakiwa na tundu baada ya mpishi, hewa inaingia bila kupimwa. Hiyo tunaiita hewa ya wizi. Uji unakuwa mwepesi. Uji mwepesi unaungua polepole, valvu inafunguka moto bado haujazimika, basi moto unarudi ulikotoka. Hiyo ndiyo chafya. Na ule usioungua kabisa unatoka kwenye bomba la moshi, unakutana na joto huko, unalipuka.”

“Kwa hiyo gari letu lina hewa ya wizi.”

“Hapana. Nilitazama tangu Aprili. Unachukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine unaipitisha kwenye maungio. Hewa ya wizi inafyonza, inalia sss. Nilisikiliza kote. Hakuna.”

Nikaitoa pembe mfukoni. “Nami nijaribu na yangu.”

Akaitazama ile pembe kwa muda. Nadhani alitaka kukataa, akakosa sababu. Akaliwasha gari. Nikafunga kitambaa kichwani nywele zisininginie, nikainama upande wa mabomba, mbali na feni, nikaweka sikio. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Kisha nikafanya kama nilivyofanya matumboni: nikaiacha kelele kubwa ipite, nikangoja iliyo chini yake. Nikasogeza pembe kutoka silinda ya kwanza kwenda ya pili, ya tatu. Nilipofika nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kabini, nikaisikia. Ilikuwa pumzi laini inayovutwa bila kukoma, mfano wa ule upepo wa damu unaousikia pembeni mwa tumbo, pale kondo la nyuma lilipokaa. Nikarudi silinda ya tatu, haikuwepo. Nikarudi ya nne, ikawepo.

Nikabaki nimeinama kwa muda mrefu kuliko haja. Nilikuwa nimepata ugonjwa wa gari, na papo hapo nilijua ni nani aliyekuwa ameyafunga maungio yale mwezi Oktoba.

Habari mbaya nimezitoa nyingi maishani. Nilichojifunza ni kwamba mtu akiweza kuiona mwenyewe, usimwahi kwa mdomo. Nikainuka, nikasimama mbele yake.

“Kuna njia nyingine ya kuitafuta hewa hiyo?” nikauliza. “Isiyo ya sikio?”

“Ipo. Unadondosha oili kidogo juu ya maungio. Pakiwa na tundu oili inaliziba kwa pumzi moja mbili, injini inatulia.”

“Nionyeshe. Hapa nyuma.”

Akachukua kopo la oili lenye mdomo mrefu. Mkono wa kushoto ukawa kwenye bawa la gari, wa kulia ukadondosha matone matatu, manne. Injini iliyokuwa ikitetemeka tangu Aprili ikakaa sawa ghafla, ikazunguka kwa ulaini, kama mtu aliyeshushwa mzigo. Moshi wa buluu ukatoka nyuma. Kisha oili ikafyonzwa yote na mtetemo ukarudi.

Evald alikuwa ameihisi kwa kiganja. Akadondosha tena, ikatulia tena. Akazima injini, akachukua kitambaa kizito ili asiungue, akapeleka mkono kule nyuma pasipoonekana, akaitafuta nati ya mwisho. Niliuona uso wake ilipozunguka kwa vidole vitupu.

“Hii haikukazwa,” akasema. “Ni ya mkono tu. Nani aliyeifunga hii?”

“Wewe, Evald. Oktoba.”

Akakaa juu ya tairi. Kahawa yake ilikuwa imepoa karibu naye.

“Nilikuwa nikaze baada ya kuipasha moto injini,” akasema. “Ndivyo ninavyofanya siku zote. Unaiwasha, unasikiliza, unamalizia. Nadhani niliiwasha, nikasikiliza, nikaona imenyamaza, nikajua nimemaliza.” Akapangusa mikono, ingawa ilikuwa safi. “Na Aprili nilisikiliza tena kwa mpira. Palikuwa kimya. Nilidhani ni injini iliyo kimya.”

“Tangu lini?”

“Sijui. Inaondoka kidogo kidogo, mkunga, huwezi kuiwekea tarehe. Ndege wa mitini kwanza. Halafu simu. Binti yangu alinipeleka Stockholm kwa daktari, akaninunulia vile vidude vya masikioni. Nimevitupia kwenye droo.”

“Kwa nini?”

“Fundi anayevaa vidude, nani atamletea gari?”

“Na asiyevaa, nani anamletea?”

Lilikuwa neno kali, nami nililijutia kabla halijafika chini. Lakini Evald alitazama gereji yake tupu, akakubali kwa kichwa polepole.

“Kusita, chafya, plagi nyeupe,” akasema. “Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Kilichonipotosha ni kwamba sikuwa na dalili nyingine. Ingekuwa mtu ameniambia kwamba choki inasaidia, ningejua siku ya kwanza. Choki inaongeza petroli, unaona? Inaponya uji mwepesi. Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia.”

“Lini?”

“Siku ya kwanza, natundika koti. Ukanijibu habari za koki ya mafuta.”

Akafumba macho. Nilidhani analia, nikasogea. Kumbe mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko, cha aina ile isiyo na furaha nyingi lakini inayofungua kifua.

“Koki,” akasema. “Mungu wangu. Na nikajiona nimejibu vizuri.”

“Ulijibu vizuri sana. Nilikwenda nyumbani nikiwaza mambo ya koki wiki nzima.”

Akasema atafunga gereji. Baada ya harusi atauza zana, aende kukaa karibu na binti yake. Nikamwachia aseme yote. Kisha nikamuuliza kama gari sasa limepona ili niende zangu.

“Halijapona,” akasema, akainuka, kwa sababu swali lilikuwa la kazi. “Gasketi imepulizwa tangu Aprili, kona ile ya nyuma itakuwa imelika. Tukikaza hivi hivi itavuja tena. Na moshi nao unavuta hewa hapo hapo, ndiyo maana linalipuka kwenye mteremko. Halafu mimi nimeongeza petroli, nimesogeza moto. Nimelitibu gari kwa dawa za ugonjwa usiokuwepo. Yote lazima yarudishwe.”

“Basi turudishe.”

“Turudishe nani?”

“Mikono yako na masikio yangu. Mpaka wewe upate ya kwako.”

Aliagiza gasketi mchana ule ule. Mimi ndiye niliyepiga simu, yeye akaniandikia namba ya kifaa kwenye kipande cha boksi. Wakasema itafika Jumatatu. Haikufika Jumatatu. Jumanne tulifungua mabomba, tukakwangua mabaki ya ile ya zamani kwa kisu butu, na kweli kona ya nyuma ilikuwa imeungua hadi kuwa nyeusi. Jumatano asubuhi mama wa posta akaileta ikiwa imekunjwa, kwa sababu bahasha haikuingia sandukuni. Evald akailaza kati ya mbao mbili na kipande kizito cha chuma juu yake kwa masaa matatu, huku akizunguka kama baba aliye nje ya chumba cha kujifungulia. Nimewaona wengi. Hawakai.

Safari hii kila nati alipoikaza aliita namba yake, nami nikaiandika kwa chaki ubaoni. Injini ikapashwa moto, ikaachwa ipoe, zikakazwa upya, zikaandikwa upya. Kisha tukaanza kuondoa zile dawa. Moto ukarudishwa kwenye alama yake. Kwa petroli alikaa na bisibisi kwenye kabureta, anaupunguza mchanganyiko robo kwa robo, mimi nikisimama nyuma kwenye bomba la moshi nikimwonyesha kwa vidole: kidole kimoja, inapata kigugumizi; viwili, inaenda sawa; ngumi, rudi. Tulikosana mara kadhaa.

“Hiyo ni ngumi au ni viwili?”

“Ni ngumi. Nina baridi yabisi, vidole havinyooki.”

“Basi nyoosha mkono mzima.”

Alhamisi tulipanda kilima cha kanisa, mimi usukani, yeye kiganja kwenye dashibodi. Nilikanyaga mafuta chini kabisa. Gari likaondoka bila kuuliza. Evald hakuondoa mkono.

“Limesita?”

“Hapana.”

“Chafya?”

“Hapana.”

Tukafika juu, nikaondoa mguu, tukateremka upande wa dukani. Nilisikiliza hadi chini. Kulikuwa na ngurumo yake ya kawaida tu, na changarawe chini ya matairi.

“Na huko nyuma?”

“Kimya,” nikasema. “Kimya cha kweli.”

Akageukia dirisha. Mibetula, miti ile ya magome meupe, ilikuwa imeanza kutoa majani madogo, na kwenye mitaro bado mlikuwa na theluji chafu. Alisema tu kwamba nitie oili Ijumaa.

Jumamosi nilimchukua Pernilla nyumbani kwa mama yake saa saba mchana. Mama yake, aliyekuwa na miaka sabini sasa, alikataa kukaa mbele. Alisema kiti cha nyuma anakijua. Wakakaa wote wawili nyuma na gauni katikati, wakicheka mambo ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu ya upepo wa dirishani. Kilimani gari lilipanda kama lilivyopanda mwaka 1972, ila safari hii hapakuwa na theluji na hakuna aliyepiga kelele. Evald alikuwa amesimama kando ya geti la kanisa na suti yake nyeusi. Hakunitazama mimi wala bibi harusi. Alitazama bomba la moshi hadi nilipozima injini, ndipo akavua kofia kumtakia Pernilla heri.

Hakuuza zana. Juni nilimpeleka mjini, kitengo cha masikio, kwa sababu vile vidude vya droo vilihitaji kupimwa upya. Akatoka navyo masikioni, amekunja uso. Njia nzima alilalamika. Alisema kiti changu kinalia, kwamba kizibo cha upepo kwenye mlango wake kimekufa, kwamba viatu vyangu vinapiga kelele kwenye klachi. Nyumbani kwake friji ilimfanya ainuke kutoka mezani mara mbili kuona ni nani anayenguruma. Wiki ya kwanza alivivua kila baada ya saa moja. Wiki ya pili alivisahau masikioni akaenda kuoga, ikabidi avitume kwa binti yake vikatengenezwe. Watu wanadhani mambo haya huenda kwa mstari ulionyooka.

Kazi ilirudi polepole. Kwanza pikipiki ya mchungaji, kisha mashine ya kukata majani ya shule. Siku za Jumanne nilikwenda kumsaidia, mwanzoni kwa masikio, baadaye kwa kahawa zaidi. Mwezi wa Agosti akaja bwana mmoja kutoka ng'ambo ya mto na trekta la baba yake, la zamani kuliko gari langu. Alianza kueleza akiwa bado anashuka kwenye kiti, ametugeuzia mgongo, maneno yanamezwa na injini ya lori lililopita barabarani.

Nilifungua mdomo nimfafanulie Evald. Akanizuia kwa mkono, akatembea hadi mbele ya yule bwana.

“Samahani, ndugu yangu, hapo sikukusikia,” akasema. “Anza mwanzo. Linapata nafuu ukifanya nini?”

Yule bwana akaanza mwanzo.